Mke wangu amekataa kupanda ndege ambayo nimeshailipia arubuni

Bi. Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hukunizidi, basi pokea salamu za kaka yako aliye mbali. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina miaka 57, na huu ni mwaka wa 29 niko Minnesota, Marekani. Nilikuja kusomea ufamasia, nikaoa huku huku binti wa Tanga aliyekuja kusomea uuguzi. Tuna watoto wawili wakubwa. Wa kwanza ameolewa Atlanta na ametupa mjukuu wa miaka miwili. Tuna kampuni yetu ndogo ya kuwatunza wazee majumbani kwao, na kwa riziki hatuna la kulalamika, alhamdulillahi.

Najua barua unazopata nyingi ni za michepuko na mirathi. Yangu ni ya ndege. Usicheke.

Nilikulia Magongo, karibu na uwanja wa ndege wa Mombasa, na sisi watoto tulikuwa tukizitambua ndege kwa mlio kabla hatujaziona. Nilijiapia kuwa siku moja nitaendesha. Maisha yakanichelewesha, lakini mwaka 2012 nikaanza masomo, nikapata leseni, nikaongeza na ile ya kuruka ndani ya mawingu kwa kufuata vyombo peke yake. Tangu 2016 ninamiliki kwa ubia Cirrus SR22, ndege ya propela moja, ile inayobeba parachuti ya kuishusha ndege nzima. Nina zaidi ya saa 900 angani na sijawahi hata kukwaruza bawa.

Mke wangu ameruka nami mara nyingi. Hukaa kiti cha kulia, mkono mmoja tasbihi, mkono wa pili mfuko wa kashata. Hakuwahi kukataa hata siku moja.

Sasa sikia. Kampuni hiyo hiyo ya Cirrus inatengeneza jeti ndogo iitwayo Vision Jet, hapa hapa jimboni kwetu, Duluth, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Ilipata cheti mwezi Oktoba 2016 na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Ina injini moja tu, imebebwa mgongoni, mkia una umbo la herufi V, viti hadi saba, na imeundwa ili mwenyewe mwenye mali aiendeshe, bila kuajiri rubani. Mimi na SR22 yangu tunajikongoja futi 9,000 au 10,000, na huku kwetu majira ya baridi huko ndiko barafu inakonata kwenye mabawa. Jeti hii inapanda mpaka futi 31,000, juu ya uchafu wote huo, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 550 kwa saa. Atlanta kwa mjukuu ni saa nne na nusu kwa ndege yangu, na hiyo ni upepo ukiwa na huruma. Kwa jeti hazifiki saa tatu.

Rafiki yangu, daktari kutoka Kampala, yuko tayari tununue nusu kwa nusu. Tumepata ya mkono wa pili, ya mwaka 2021, kwa dola milioni 2 na nusu. Benki imeonyesha nia.

Mwezi Januari nilimchukua mke wangu tukaione kwenye hanga. Dalali akamkaribisha akae mbele, kulia. Akamwonyesha kitufe chekundu kwenye dari, akamwambia kwa tabasamu, "Hiki ni chako, mama." Mke wangu akauliza, "Changu cha nini?" Yule kijana akaeleza vizuri kabisa: mumeo akizimia, unabonyeza hapa, na ndege yenyewe inatafuta uwanja, inaangalia mafuta na hali ya hewa, inazungumza na waongozaji kwenye redio, inatua, inasimama, inazima injini na kukuambia lini ufungue mlango.

Mke wangu alikitazama kitufe kile kwa muda. Hakuinua kidole. Akashuka, akavaa koti, akaenda kukaa garini. Nje ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri na hakuwasha hata hita. Nilipomfuata akasema, "Hiyo sipandi. Na ile nyingine pia sipandi tena." Ni miezi miwili sasa. Ananipikia, anacheka na watoto kwenye simu, lakini nikitaja ndege anainuka na kuanza kukunja nguo.

Nimejaribu kila njia. Nimemchapia takwimu za parachuti. Nimemwonyesha video za kile kitufe kikifanya kazi. Nimemwambia hakuna ndege ndogo duniani iliyofikiriwa kwa ajili ya abiria wake kuliko hii. Jibu lake ni kisa kimoja tu, cha Ramadhani ya mwaka jana: nilikuwa namimina uji jikoni, nikapata kizunguzungu, nikashika ukingo wa sinki, bakuli likaanguka likavunjika. Sikuanguka mimi. Zilikuwa zimebaki dakika 20 kabla ya adhana na nilikuwa nimefunga saa 13. Ni funga tu ile, na labda vidonge vya presha nilivyokuwa nimebadilishiwa.

Kuhusu afya, kwa sasa ninaruka kwa utaratibu wa BasicMed, yaani daktari wangu wa kawaida ananipima na kujaza fomu kila miaka minne, sihitaji kwenda kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga. Utaratibu huo unaishia futi 18,000 na mwendo wa noti 250, yaani kama kilomita 463 kwa saa, kwa hiyo kwa jeti itanibidi nirudi kwenye cheti kamili. Sioni tatizo.

Jambo jingine dogo ni kwamba nimeshatoa arubuni ya dola 40,000 ili ndege isiuzwe kwa mwingine. Nilizitoa kwenye akaunti tuliyoiweka kwa ajili ya nyumba ya Tanga, na nitazirudisha mkopo ukipita, kwa hiyo sikuona haja ya kumshughulisha nazo. Dalali anataka jibu la mwisho mwisho wa mwezi huu.

Bi. Mshauri, nimfanyeje mke wangu aondokane na hofu hii? Au niiache ndoto ya utoto wangu kwa sababu ya kitufe?

Rubani wa Jumamosi,
Minnesota

*

Kaka yangu Rubani wa Jumamosi,

Marahaba. Nimekuzidi miaka minne, ingawa sikupenda kuulizwa hadharani.

Na sikucheka. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, Pangani na Unguja, Unguja na Pangani, kwa hiyo nyumbani kwetu tulijua mapema kuwa mwanamume anaweza kupenda chombo mpaka akazungumza nacho. Mama hakuwahi kumuuliza baba bahari ikoje. Alikuwa anauliza neno moja anapomfungia chakula: "Serahangi ni nani safari hii?" Alitaka kujua, mzee akipatwa na homa katikati ya mkondo, ni mkono wa nani utakaoshika usukani. Baba akitaja jina analolijua, mama anafunga kikapu. Akitaja asilolijua, safari inacheleweshwa na mambo yasiyoelezeka: mara unga haujasagwa, mara mtoto ana joto.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikampa mpwa wangu ambaye ni fundi wa ndege pale Wilson, Nairobi. Aliisoma akisimama. Alisema ndege uliyoipenda ni chombo cha heshima na kwamba hukutia chumvi. Halafu akaniuliza, "Shangazi, huyu mzee ameshamwona daktari?" Tutafika huko.

Kwanza nikurudishie tatizo kama ulivyoniandikia, uone kama nimekusikia. Unasema una ndoto ya miaka hamsini, una uwezo, una mwenza wa kununua naye, na kinachozuia ni hofu ya mkeo. Hofu hiyo unaiona haina msingi, kwa sababu ndege hii ina kinga nyingi kuliko zote alizopanda. Ungependa nikupe dawa ya hofu.

Ningekupa, kaka yangu, kama ningekuwa na hakika kuwa ni hofu.

Mtu anayeogopa ndege hapandi na mfuko wa kashata. Huyu mama amekaa kando yako miaka yote hiyo, katika ndege ya injini moja, mawinguni, kwenye barafu la Minnesota, na hakukataa hata mara moja. Maneno ni yako. Siku dalali alipomwonyesha chombo kilicho salama zaidi ndiyo siku aliyokataa. Wewe unaliona hilo kama kichekesho. Mimi naona huenda kijana yule, bila kujua, alisema mbele ya watu sentensi ambayo mkeo amekuwa akijaribu kukuambia tangu Ramadhani: mumeo akizimia. Wewe ulisikia kitufe, yeye pengine alisikia kuzimia.

Sisemi ndivyo ilivyo, nakisia tu. Lakini angalia kuwa wewe unamjibu kwa takwimu za parachuti, naye hakuuliza habari ya parachuti. Amekuletea bakuli.

Kwa kuwa umelileta parachuti mwenyewe, na nimelisoma kwa siku tatu mpaka mume wangu akaniuliza kama nataka kununua, niruhusu niseme jambo moja kulihusu. Mwaka 1985 Alan Klapmeier, mmoja wa ndugu wawili walioanzisha kampuni hiyo, aligongana angani na ndege nyingine. Yeye alifanikiwa kutua. Rubani wa ile nyingine alikufa. Kutokana na siku ile ndugu hao wakashikilia kuwa ndege zao zitabeba parachuti, na mwaka 1998 ya kwanza ikapata cheti ikiwa nalo. Ungetegemea ajali za vifo ziporomoke mara moja. Hazikuporomoka. Kwa miaka kadhaa marubani wazuri, wenye saa nyingi kama wewe, waliendelea kufa wakiwa na mpini juu ya vichwa vyao ambao hawakuuvuta, au waliuvuta wakiwa wamechelewa. Mambo yalibadilika pale wamiliki wenyewe na walimu wao walipobadilisha mafundisho, wakaanza kumzoesha rubani kuvuta mapema, asingoje mpaka aaibike. Leo waliookolewa na parachuti hizo wamepita 200. Hata jeti yako imo: mwezi Septemba 2022, karibu na Kissimmee, Florida, ilishushwa kwa parachuti kwenye hali mbaya ya hewa na watu watatu waliokuwamo wakatoka hai.

Kitambaa kilikuwa kile kile, na roketi inayokifyatua ile ile. Kilichobadilika ni mtu aliyekaa chini yake, aliyefundishwa kusema "nimeshindwa" kabla ya wakati. Kwa hiyo nakuuliza bila ubaya wowote: wewe na neno hilo mnapatana vipi? Maana barua yako imeandikwa na mtu ambaye kizunguzungu chake ni "funga tu", cheti chake cha afya "sioni tatizo", na dola 40,000 ni "jambo jingine dogo". Pengine ndivyo unavyoandika. Lakini kama ndivyo unavyoongea mezani, huenda mkeo amechoka kuwa mtu pekee nyumbani anayeona mambo kwa ukubwa wake.

Hapa naomba niwe mkweli kuhusu bakuli. Mimi si daktari. Inawezekana kabisa ilikuwa njaa na vidonge vipya. Wengi wetu wenye presha tunaijua hiyo, unainuka ghafla na dunia inainuka nawe. Ila hukuniandikia kama ulimweleza daktari anayekusainia fomu ya BasicMed. Ulimweleza? Kama hukumweleza, hilo halina uhusiano na jeti wala na mke. Kanuni za huko kwenu zenyewe zinamkataza rubani kuongoza ndege akijua ana hali ya kiafya inayoweza kumfanya ashindwe, awe na karatasi mfukoni au asiwe nayo. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi ijayo kuna simu ya kupiga.

Halafu mpwa wangu ananiambia kuna mtego ambao marubani wa huko wanaujua lakini wanapenda kuusahau. Ukiomba kile cheti kamili cha afya na ukanyimwa, hata BasicMed unaipoteza mpaka jambo litatuliwe. Maana yake ni kwamba ukikimbilia cheti cha jeti bila kujitayarisha, unaweza kujikuta huna ndege hata ya propela. Wenye busara humwendea daktari wa anga kwanza kwa mazungumzo tu, wakiwa na majibu ya vipimo mkononi, kabla hawajaanza uchunguzi rasmi. Ukishaanza, hakuna kusema samahani nilikuwa napita. Sikutishi. Wenye presha iliyotulia wanapewa vyeti kila siku. Nasema tu kwamba mlango unaodhani uko wazi hujausukuma bado, na ulishalipa arubuni ya nyumba iliyo nyuma yake.

Arubuni nayo. Nilipofika kwenye mstari ule niliweka miwani chini.

Biashara ya jeti ndogo za wenye mali si ngeni kwa arubuni zilizozama. Uliza watu wa rika lako watakuambia habari ya Eclipse 500, ile ya Albuquerque, iliyotangazwa kwa bei chini ya dola milioni moja, ikapata cheti mwaka 2006, na mwishoni mwa 2008 kampuni ikafilisika. Ziliundwa kama 260 hivi, na watu wengi waliokuwa wametanguliza fedha wakabaki na stakabadhi. Yako ni ndege iliyopo, inashikika, kwa hiyo sifananishi moja kwa moja. Lakini hasara ninayoiona haiko kwa dalali. Umeweka siri ya dola 40,000 katika nyumba ambayo mwenzio tayari anahisi hasikilizwi. Siku akifungua akaunti, na ataifungua, hutaweza tena kumweleza habari ya injini.

Na ni akaunti ya nyumba ya Tanga. Katika barua nzima umenitajia Magongo, Duluth, Atlanta, na Kampala ya rafiki yako. Tanga imetokea mara mbili: mkeo alikotoka, na akaunti ulikochota. Kwako ile nyumba ni nini? Kwake ni nini? Je, mmewahi kukaa mkazungumza mtazeekea wapi? Maana mtu wa miaka 57 anayechukua nusu ya mkopo wa milioni mbili na nusu amejibu swali hilo, hata kama hakulitamka. Inawezekana mkeo, pale garini bila hita, hakuwa anafikiria kufa kabisa. Huenda alikuwa anahesabu miaka.

Ili nisionekane nimehamia upande wa pili, naye mama ana la kujiuliza. Kama wasiwasi wake ni wewe kuzimia, basi SR22 isiyo na kitufe ndiyo ya kuogopa zaidi, na amepanda hiyo kwa miaka. Kuukataa mlango wa dharura kwa sababu umeandikwa "dharura" hakumwokoi mtu. Mwaka 2019 hizo hizo Vision Jet zote zilizuiwa kuruka kwa muda, baada ya kifaa kinachopima ndege imeinua pua kiasi gani kuleta hitilafu na ndege kuanza kujishusha pua yenyewe mara tatu. Marubani waliimudu, kifaa kikabadilishwa. Angekuwa anaogopa mashine, hilo ndilo lingekuwa hoja yake, na lingekuwa hoja nzuri. Hakulitaja. Siku mkikaa mnaweza kumuuliza kwa upole, lakini uulize ukitaka kujua. Anayeuliza ili ashinde hujulikana.

Nina swali moja la pembeni ambalo limenikosesha usingizi kuliko yote. Katika SR22 mpini wa parachuti uko darini, katikati yenu wawili. Miaka yote hiyo, uliwahi kumfundisha mkeo kuuvuta? Si kumwonyesha kwa kidole kabla ya kuruka kama wafanyavyo wahudumu wa ndege kubwa. Namaanisha kumfundisha: ashike, ajue uzito wake, ajue nini kinazimwa kwanza, ajue atasikia nini. Kama hukufanya, basi amekuwa serahangi wako bila kuambiwa, na dalali ndiye aliyempa habari ya cheo chake.

Sasa njia zako. Sitakuchagulia, na kila moja ina gharama.

Unaweza kuendelea na jeti kama ilivyo. Utahitaji idhini ya aina hiyo ya ndege, kwa mafunzo makali ambayo wengi huyafanya kule Knoxville, Tennessee, na mtihani wake unapimwa kwa kiwango cha marubani wa mashirika. Kila mwaka utarudi kupimwa tena. Watu wa bima watataka uruke saa kadhaa na rubani mzoefu kando yako kabla ya kukuacha peke yako, na kadiri miaka inavyokwenda watakuuliza umri kwa sauti kubwa zaidi. Ndege italala hangani ikila fedha hata wiki ambazo hamruki. Na mpwa wangu anasema nikukumbushe kwamba ukijaza mafuta tanki zima, vile viti saba ni vya kupigia picha. Mtakwenda wawili au watatu na mizigo myepesi. Hayo yote yanabebeka kwa mtu aliyejipanga. Swali ni nani atakaa kulia. Ukinunua akiwa bado anakunja nguo, utafika Atlanta mapema kwa saa moja na nusu, peke yako.

Unaweza kubaki na SR22 na kuyasimamisha mengine kwa mwaka mmoja, ukishughulikia afya, na mkeo akitaka ahudhurie kozi ya wenza wa marubani. Chama cha wamiliki wa ndege za Cirrus kina kozi ya namna hiyo, wenza hufundishwa redio, parachuti na kuishusha ndege. Hatari yake ni kwamba ukiitumia kama chambo atainusa. Anaweza kuhitimu vizuri na bado akasema sipandi, nawe itabidi uwe umejiandaa kulipokea jibu hilo bila kununa.

Kuna ya tatu ambayo nadhani itakuumiza kidogo kuisoma. Jeti inaweza kuwa na marubani wawili. Sheria inakuruhusu uwe peke yako, haikulazimishi. Safari za kifamilia ungeweza kumkodi rubani wa pili, serahangi wa kweli, mkeo akakaa nyuma na kashata zake. Ni fedha zaidi, ndiyo. Lakini kabla ya kusema ni fedha, jiulize: yule mtoto wa Magongo alitaka kuruka, au alitaka kuruka bila mtu wa kumsaidia? Zote ni tamaa halali. Ila ni mbili tofauti, na mkeo ana haki ya kujua ni ipi anayoshindana nayo.

Na unaweza kuiacha. Usiiache kwa hasira, wala kwa kumpa mkeo deni la kulipa maisha yake yote. Nimeona wanaume walioacha jambo "kwa ajili yako wewe" na kulitaja kila Idi. Kama huwezi kuiacha bila kuitaja, ni afadhali usiiache bado. Sema tu kwamba unaihuzunikia, umlilie yeye mwenyewe, ni mkeo.

Njia yoyote utakayoishika, mpangilio nauona hivi. Mkataba wa arubuni usome leo usiku. Tafuta kama fedha inarudi ukaguzi wa ndege ukileta kasoro, na kama inarudi wewe usipopata cheti cha afya au mkopo. Kama hakuna vifungu hivyo, mwandikie dalali uombe muda kabla ya mwisho wa mwezi, na usikubali kuambiwa kuna mteja mwingine mlangoni. Yuko mlangoni siku zote huyo. Kisha mwambie mkeo habari ya fedha kabla ya kumwambia neno lolote la ndege. Usimzungushe. "Nimetoa elfu arobaini kwenye akaunti ya Tanga, sikukuambia, nimekosea." Hapo ukome, umwache aseme. Akikunja nguo, kunja naye. Usimtume binti yenu, usimtume daktari wa Kampala, na zile karatasi za takwimu ziache kabatini.

Siku atakapokuwa tayari, muulize habari za jioni ile ya Ramadhani. Usimweleze wewe, maana umeshanieleza mimi na umeshajieleza mwenyewe. Ulikuwa umeshika sinki ukitazama chini. Yeye ndiye aliyeuona uso wako.

Bi. Mshauri